Teodolaiti ya shaba, teodolaiti ya vioo au livo: ulinganisho kwa mnunuzi wa Mwanza anayetafuta kifaa cha kale mnadani mtandaoni

Vifaa vya kale vya upimaji ardhi vinauzwa mara kwa mara katika minada ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani, na mtu aliyeko Mwanza mwenye kadi ya benki anaweza kutoa dau lake sawasawa na mtu aliyeko London. Tofauti inajitokeza baada ya nyundo kugongwa. Wa London anaweza kwenda kukishika kifaa kabla ya mnada, na kikimfikia kibovu anakirudisha kwa nauli ndogo, ilhali wa Mwanza hununua kwa kutazama picha tu na kurudisha mzigo kunaweza kumgharimu zaidi ya alivyonunulia. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kifaa kipi ni kizuri, mnunuzi wa huku anapaswa kuuliza ni kifaa kipi ambacho ubovu wake unaonekana kwenye picha, na ni kipi ambacho kikifika na kasoro kinaweza kutengenezwa na mafundi tulio nao.

Makala haya yanalinganisha aina tatu ambazo wengi husita kati yake. Ya kwanza ni teodolaiti (kifaa chenye darubini cha kupimia pembe) ya shaba yenye venia (kipimo kidogo cha kusomea sehemu ndogo za mgawanyo wa duara), ya karne ya 19 au miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ambayo pembe zake husomwa kwenye duara lenye ukanda wa fedha kwa msaada wa venia mbili zinazokabiliana na vioo vidogo vya kukuzia. Ya pili ni teodolaiti ya vioo, ambayo kielelezo chake ni Wild T2 iliyotengenezwa Heerbrugg, Uswisi. Duara lake limechorwa juu ya kioo na kufungwa ndani ya mwili wa chuma, na pembe husomwa kupitia maikromita, yaani mfumo wa ndani wa kusomea sehemu ndogo kabisa za pembe. Ya tatu ni livo, kifaa kisichopima pembe kwa usahihi wa maana bali tofauti ya urefu wa ardhi kati ya sehemu moja na nyingine. Humo mna livo fupi ya Kiingereza iliyobuniwa na William Gravatt mwaka 1832, ambayo wapimaji huiita dampi, na livo zinazojisawazisha zenyewe zilizoenea baada ya Zeiss kutoa Ni2 mwaka 1950.

Vigezo vitakavyotumika ni vitano: kazi inayokusudiwa, kinachoweza kuthibitishwa kwa picha, umri na uhalisi, gharama ya kukifikisha kifaa Mwanza, na matengenezo. Aina ya mnada nayo ina uzito wake, hivyo imepewa sehemu yake.

Kazi inayokusudiwa

Ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kitakachompa mtu mamlaka ya kupima kiwanja. Upimaji wa mipaka unaongozwa na Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na ni kazi ya wapima wenye leseni. Mwenye T2 safi kuliko zote bado hana ruhusa ya kugusa bikoni ya jirani yake.

Teodolaiti ya shaba inafaa zaidi kwa kutazamwa na kwa kufundishia, na neno "kutazamwa" hapa halina dharau. Kila sehemu yake iko nje: mwanafunzi anaona duara, anaona venia, anazungusha skrubu na kuona kinachosogea. Mwalimu wa jiografia au fizikia anayetaka kueleza pembe ya mlalo na pembe ya wima hatapata kifaa kinachojieleza vizuri zaidi. Ni aina ya kifaa kilichokuwa mikononi mwa wapimaji wakati mpaka wa magharibi ya ziwa, unaofuata latitudo ya nyuzi 1 kusini, ulipokuwa ukipimwa na Waingereza na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na bado kilikuwa cha kawaida reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928.

Teodolaiti ya vioo ni ya mtu anayetaka usahihi wenyewe. Venia ya kawaida husoma hadi sekunde 20 za pembe (sekunde ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), na T2 husoma moja kwa moja hadi sekunde 1. Kwa umbali wa kilomita 1, sekunde 20 ni kama sentimita 10 pembeni, na sekunde 1 ni kama nusu sentimita. Mpimaji mstaafu, au kijana anayesomea upimaji na kutaka kuelewa kilichokuwepo kabla ya totali-stesheni (kifaa cha kisasa cha kielektroniki kinachopima pembe na umbali), atapata raha ambayo shaba haiwezi kumpa. Aandae uvumilivu, kwa sababu darubini nyingi za enzi hizo huonyesha taswira ikiwa kichwa chini, na mtu aliyezoea vifaa vya leo huchukua muda kuacha kuzungusha skrubu upande usiofaa.

Livo ndiyo pekee kati ya tatu hizi inayoweza kuamkia kazini kesho yake. Mwanza ni mji wa miteremko na mawe, na msingi wa nyumba ya Igoma au Nyegezi mara nyingi hupanda mita nzima au zaidi kutoka kona moja hadi nyingine. Mafundi wengi husawazisha kwa mpira wa maji, njia sahihi kabisa lakini inayohitaji watu wawili na mpira usio na mapovu. Livo na stafu (fimbo ndefu yenye vipimo inayosomwa kupitia darubini) hutoa jibu lile lile kwa umbali mrefu zaidi, tena kwa haraka. Stafu za kale za Kiingereza zimeandikwa kwa futi, ila hilo lisimsumbue mnunuzi, kwa kuwa livo yenyewe haijali kipimo na stafu mpya ya mita hufanya kazi nayo vizuri.

Kinachoweza kuthibitishwa kwa picha

Hapa ndipo vifaa hivi vinapoachana zaidi, na kwa maoni yangu kigezo hiki kina uzito kuliko vingine vyote kwa mnunuzi wa mbali.

Teodolaiti ya shaba karibu haina pa kuficha. Skrubu iliyopinda, pimamaji iliyopasuka, kioo cha kukuzia kilichopotea, kishikizo kilichounganishwa kwa risasi, vyote huonekana iwapo picha ni nyingi na zenye mwanga. Omba picha ya karibu ya duara na venia, ili uone kama mistari bado ni mikali au imefutika kwa kusuguliwa. Omba pia picha iliyopigwa kupitia darubini yenyewe, maana alama ya msalaba ya ndani wakati mwingine ilitengenezwa kwa uzi halisi wa buibui, na uzi ukikatika darubini hubaki kioo kitupu. Jambo moja lisiloonekana ni kama mhimili umepinda kwa kuanguka. Muuzaji aulizwe waziwazi kama sehemu ya juu inazunguka mduara mzima kwa ulaini ule ule bila kukwama mahali popote.

Teodolaiti ya vioo ni kinyume chake. Rangi ya nje inaweza kung'aa, sanduku lake la chuma la umbo la kengele likawa zima, na ndani kukawa na ukungu, gundi ya lenzi iliyoachia, au grisi iliyoganda kiasi kwamba mhimili hausogei. Picha za nje hazikuambii lolote kuhusu hayo. Picha zinazohitajika ni tatu: moja kupitia darubini ikiwa imeelekezwa kwenye kitu cha mbali, nyingine ya lenzi ya mbele ikimulikwa tochi kutoka upande wa jicho, na ya tatu kupitia jicho dogo la kusomea pembe, kioo cha kuingizia mwanga kikiwa kimefunguliwa. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Inaonyesha kama njia ya mwanga ni safi, na inafichua jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji kwa kutolijua: kama duara limegawanywa kwa nyuzi 360 au kwa goni 400. Nchi kadhaa za Ulaya hutumia goni, ambapo pembe mraba ni 100 badala ya 90, na Wild ilitengeneza T2 za aina zote mbili zinazofanana kwa nje. Aliyezoea digrii, dakika na sekunde, kama tulivyo wote huku, atajikuta na kifaa kizuri kinachomlazimu kukokotoa kila anachosoma. Namba yoyote ya nyuzi iliyozidi 359 ikionekana kwenye kidirisha hicho, duara ni la goni.

Livo iko katikati. Dampi ni kifaa rahisi: darubini moja, pimamaji moja, skrubu za kusawazishia. Picha nne au tano nzuri zinatosha. Livo inayojisawazisha ina kifaa kidogo kinachoning'inia ndani, na picha haiwezi kuonyesha kama kinaning'inia kwa uhuru au kimekwama. Muombe muuzaji aangalie kupitia darubini huku akigonga mwili wa livo taratibu kwa kidole: taswira ikitetemeka kidogo kisha ikarudi mahali pake, kifaa ni hai, isipotikisika kabisa, kimekwama.

Umri na uhalisi

Tatizo la nakala linaihusu shaba zaidi. Soko limejaa vitu vya mapambo vinavyotengenezwa India kwa shaba ya njano, vikachongwa jina la kampuni maarufu ya London na kuuzwa kama vya karne ya 19. Alama zao hazijifichi sana: mistari ya duara ni mipana na imegongwa kwa muhuri, venia haipo au haisogei kulingana na duara, hakuna namba ya mfululizo, na uchakavu ni wa namna moja kila mahali ilhali kifaa kilichotumika huchakaa pale vidole vinaposhika.

Jina lililochongwa husaidia kukadiria umri, mradi mtu ajue historia kidogo. Troughton & Simms ni ubia wa mwaka 1826; Cooke, Troughton & Simms ni kampuni iliyotokana na muungano wa mwaka 1922. Muuzaji akisema kifaa chenye jina hilo la pili ni cha mwaka 1880, amekosea, kwa kutojua au kwa makusudi. Kumbuka pia kwamba jina linaweza kuwa la duka lililouza na si la karakana iliyotengeneza.

Teodolaiti za Wild na livo za viwanda vikubwa hazina tatizo hilo, kwa sababu namba ya mfululizo huonyesha kipindi cha utengenezaji na hakuna anayepata faida kwa kuziiga. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1921 na mwaka 1990 ikawa sehemu ya Leica, hivyo jina lililo kwenye mwili peke yake hukupa mipaka ya awali.

Aina ya mnada

Katika mnada wa wazi kama eBay, mnunuzi huandika kiwango chake cha juu na mfumo humwongezea dau kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda. Mnada hufungwa kwa saa iliyotangazwa bila kuongezwa hata dakika moja. Unaofungwa New York saa 2 usiku wakati wa baridi kule huangukia saa 10 alfajiri Mwanza, kwa hiyo ni heri kuandika kiwango cha juu mapema na kulala. Ulinzi wa mnunuzi upo iwapo kifaa hakilingani na maelezo, lakini ukitumia wakala anayepokea mzigo Ulaya na kuutuma tena Tanzania, ulinzi huo unaweza kukoma mzigo unapotoka kwenye anwani ya kwanza. Wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa.

Nyumba za minada zinazopokea madau mtandaoni huuza kifaa kama kilivyo, na baadhi huongeza muda wa kufunga dau likitolewa dakika za mwisho. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuomba ripoti ya hali ya kifaa kwa maandishi kabla ya mnada. Hasara yake ni ada ya mnunuzi. Tuseme nyundo imegongwa kwa pauni 200 katika nyumba inayotoza ada ya asilimia 25, na ada hiyo inatozwa VAT ya Uingereza ya asilimia 20: hapo umeshafika pauni 260 kabla ya kufungasha, na nyingi hazifungashi zenyewe bali hukuelekeza kwa kampuni nyingine.

Shaba hununulika salama katika mnada wowote kati ya hizo, kwa kuwa inajionyesha. Kwa teodolaiti ya vioo, mimi ningependelea muuzaji mmoja mmoja anayejibu maswali, kwa sababu mtumishi wa nyumba ya minada anayeandika "inaonekana nzima" mara nyingi hajawahi kutazama kupitia jicho la kusomea. Livo ni nyingi sokoni, na mnunuzi anaweza kuacha moja na kusubiri nyingine.

Gharama ya kukifikisha Mwanza

Kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka hutoza kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Sanduku la 40 kwa 30 kwa 30 ni kilo 7.2, kifurushi cha stendi ya miguu mitatu cha 110 kwa 20 kwa 20 ni kilo 8.8. Yaani miguu ya mbao inaweza kukugharimu zaidi kwa usafiri kuliko kifaa chenyewe. Kwa livo na T2, ni jambo la busara kununua bila miguu na kutafuta stendi ya kisasa, kwa kuwa T2 nyingi za baada ya vita na livo za kisasa hukubali skrubu ya inchi 5/8 inayotumika hadi leo. Kwa shaba hali ni tofauti: vya Kiingereza vina skrubu pana za namna yake, na vingi vya Kimarekani vina uzi wa inchi 3½, hivyo miguu yake ya asili ni sehemu ya thamani yake.

Mzigo ukifika, TRA hukokotoa kodi juu ya bei pamoja na nauli na bima. VAT ni asilimia 18. Kifaa kilichogharimu jumla ya shilingi 1,500,000 pamoja na nauli na bima kingedaiwa VAT ya shilingi 270,000 hata kama ushuru wa forodha ungekuwa sifuri. Vifaa vya upimaji viko kwenye kifungu cha 9015 cha orodha ya forodha, na vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 viko kwenye 9706. Teodolaiti ya shaba inaweza kuangukia hicho cha pili iwapo umri wake unathibitishika, kwa hiyo ankara iandike mwaka unaokadiriwa, na wakala wa forodha aulizwe viwango kabla ya dau kutolewa. Epuka kuunganisha kwenye mzigo huo dira ya kijeshi yenye rangi inayong'aa gizani: nyingi za zamani zilipakwa rediamu, na mionzi si jambo la kueleza kwenye kaunta ya forodha.

Matengenezo

Mafundi wa kukereza vyuma wanaohudumia boti na mitambo ya Mwanza wanaweza kutengeneza skrubu ya shaba iliyopotea, na sonara mzuri anaweza kuunganisha kipande chembamba bila kuharibu kilicho jirani. Kwa sababu hiyo shaba ndiyo inayosamehe zaidi. Mharibifu wake mkubwa ni mwenyewe anayeisugua ing'ae: vanishi ya asili ikiondoka, thamani huondoka nayo na haitarudi.

Livo inahitaji zaidi marekebisho kuliko ukarabati, na mwenyewe anaweza kuyafanya. Piga vigingi viwili umbali wa mita 60, simamisha livo katikati yake kabisa, usome stafu juu ya kila kigingi. Tofauti utakayoipata ni sahihi hata kama livo ina kasoro, kwa kuwa kosa ni lile lile pande zote na linajifuta. Kisha sogeza livo karibu na kigingi kimoja na usome tena. Tofauti ikibadilika, kosa ni hilo, nalo huondolewa kwa skrubu ndogo za pimamaji au za alama ya msalaba.

Teodolaiti ya vioo haipaswi kufunguliwa na mtu asiyefundishwa kazi hiyo. Prizimu zilizomo ndani zimepangwa kwa usahihi ambao bisibisi haiwezi kuurudisha. Hewa ya kando ya ziwa nayo ina unyevu, hasa wakati wa masika, na kifaa kilichofungiwa kwenye sanduku lenye ngozi au kitambaa huota ukungu kwenye lenzi. Kihifadhiwe na vifuko vya silika vinavyobadilishwa, na kitolewe nje mara kwa mara. Mwenye kununua aina hii anunue kilicho safi tayari, hata kwa bei ya juu zaidi, badala ya cha bei nafuu chenye ahadi ya kutengenezwa.

Kulingana na hali yako

Anayetaka kupamba mapokezi ya hoteli au ofisi, asiye na haja ya kupima chochote, achague shaba pamoja na miguu yake, na akubali kasoro za darubini iwapo umbo ni kamili. Shule yenye bajeti moja tu itafaidika zaidi na shaba ndogo ya kusoma hadi dakika 1, yenye venia zote mbili, hata kama jina lake si maarufu.

Mpimaji au mwanafunzi wa upimaji anayetaka kusoma pembe kwa kweli achague teodolaiti ya vioo ya nyuzi 360, kutoka kwa muuzaji aliyetuma picha ya kidirisha cha kusomea. Picha hiyo isipopatikana kabla mnada haujafungwa, dau lisitolewe.

Fundi au mwenye nyumba anayejenga kwenye mteremko achague livo inayojisawazisha ya miaka ya 1960 au ya baadaye. Kabla ya kutoa dau alinganishe jumla ya gharama hadi Mwanza na bei ya livo mpya dukani, kwa kuwa katika aina hii peke yake kipya kinaweza kuwa nafuu kuliko cha kale. Anayependa dampi kwa historia yake hahitaji hesabu hiyo, ila ajiwekee nafasi ya kununua stafu ya mita hapa nchini.